Mfuko Ndani ya Koti

Kiende alipotoka zamu ya usiku hospitalini, miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vinambana. Usiku kucha alikuwa akitundika damu, na kila mfuko ukianza kushuka ilibidi akae kando ya kitanda aone kama mgonjwa atatetemeka au atalalamika mgongo. Akiinuka hapo, aende akamwage mkojo wa wazee waliowekewa mipira ya kutolea mkojo, aupime, anawe mikono, arudi kwenye damu. Wanaume wasiomjua kabisa walijiachia awaoshe bila hata kufumba macho.

Nyumbani Muthara kulikuwa na mwanamume mmoja ambaye hakuweza kumuuliza hata kama amekojoa vizuri, na huyo ndiye aliyemnyima raha. Alikuwa baba mkwe wake, Mzee Muthamia.

Tezi dume ilimziba mzee njia ya mkojo, hospitali ikamwekea mpira wa mkojo na mfuko wake huku akingoja upasuaji. Tangu hapo homa ilikuwa imemrudia tena na tena, na ya mwisho ilimlaza akiita watu waliokwisha kuzikwa. Daktari akasema figo zimechoka. Maambukizi mengine kama yale, na mzee ataanza kusafishwa damu kwa mashine, pengine maisha yake yote. Mzee akasema kwenye mashine haendi. Alilisema mara moja tu, kama anavyosema mambo yake yote, na waliomjua wakajua hataenda.

Mume wa Kiende, Kithinji, ni mwalimu huko Karurumo, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kiende alimpigia simu kuuliza ule mfuko wa baba hukaa wapi. Kithinji akajibu kwamba baba anasema uko mahali salama. Salama wapi? Kithinji akauliza kama anataka amvue baba yake suruali. Kiende mwenyewe hakuwa na njia. Mkaza mwana hamkaribii baba mkwe namna hiyo. Hata chakula alimtengea mezani na kuondoka kabla mzee hajanawa. Basi yeye, aliyejua mifuko ya wadi nzima, akabaki kukisia huu mmoja.

Jumapili hiyo, akitoka zamu, alipitia nyumbani akambeba mwanawe, akaenda kanisani bila kulala. Mtoto alipewa jina la babu yake, Muthamia, kama desturi ilivyo, kwa hiyo mamake humwita Baba. Jirani yake, Kaari, alipenda kumtania kwamba yeye ndiye mkaza mwana pekee Muthara nzima anayemwogesha baba mkwe kila jioni.

Kiende alikuwa akisinzia kwenye benchi mzee alipopita na kikapu cha sadaka, maana ni mzee wa kanisa. Jua lote lile, na amevaa koti zito. Alipoinama kwenye safu yao, Kiende akaona koti limelowa kifuani, doa kubwa kama sahani. Kaari akanong'ona kwamba siku hizi hata chai inamshinda mzee. Lakini Kiende alikuwa ameshasikia harufu. Ametoka nayo kazini.

Mfuko wa mkojo ulikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, pale wanaume wanapoweka vitu vyao vya maana. Juu ya kibofu, juu hata ya figo. Kila alipotoka mbele za watu, mkojo ulikuwa ukimrudia ndani pamoja na vijidudu vyake.

Usingizi ukamruka.

Mchana, mzee aliketi mlangoni kwake akiota jua. Kiende akaketi ng'ambo ya ua na maharagwe ya kuambua, akampa mgongo, mtoto mapajani. Akasema na mtoto, lakini kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Baba, wewe ndiye mwenye shamba. Maji ya mfereji yanapanda mlima?"

Mtoto alikuwa anakula ngumi yake.

"Hayapandi. Mimi kazini damu naitundika juu, ndio ishuke. Mkojo naufunga chini, nao ushuke. Ukiuweka kifuani, Baba, unarudi kwenye figo na uchafu wake. Homa inatoka hapo."

Kiende hakugeuka. Aliona ameharibu, kwamba mzee atainuka na kuingia ndani, na kuanzia leo watakuwa wanapishana hapo uani kama wasiojuana.

"Muthamia," mzee akaita, naye akisema na mtoto. "Mwambie mama yako mzee wa kanisa hawezi kupita mbele ya akina mama na kitu kinaning'inia mguuni kama kengele ya mbuzi."

"Baba, suruali ni ndefu."

"Mwambie na upepo upo."

Kiende akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kisichozuilika. Mzee akakohoa.

"Muulize. Ukikaa chini kabisa, karibu na kifundo?"

"Hapo ni pazuri, Baba. Mpira usikunjike tu, na umwagwe kabla haujajaa. Na mikono ioshwe kwanza."

Jumapili iliyofuata, kiangazi, vumbi kila mahali, Mzee Muthamia aliingia kanisani amevaa gambuti. Zilikuwa zimeoshwa zikang'aa. Watu wakatazamana. Kaari akasema sasa mzee amezeeka kweli, anangoja mvua ndani ya kanisa. Kiende akamwinamia mtoto, akaficha kicheko.

Miezi ikapita bila homa. Damu ilipopimwa, daktari akasema figo hazijapona, ila hazijashuka zaidi. Mashine haihitajiki kwa sasa, wangoje upasuaji. Kithinji alifurahi sana kwenye simu. Kiende alisema asante, akarudi wadini, kwa kuwa kulikuwa na mfuko mwingine wa damu wa kutundika.

Jumapili moja alitoka kazini hivyo hivyo, akaketi kanisani na mtoto mapajani, kichwa kikamwangukia kifuani. Akasikia gambuti zikija, kwap, kwap, zikasimama kwenye safu yao.

"Muthamia," mzee alimwambia mtoto, kwa sauti ya chini, "mwambie mama yako alale. Nitamwamsha wakati wa kwenda."