Nestori, Lenzi Yake Ndefu na Mwalimu Ambaye Hakuulizwa

Saa kumi na moja alfajiri, nyumba ya Nestori Kagoma mjini Kibondo ina sauti moja tu: mchele mkavu ukimiminwa kwenye ungo. Unamiminika, unatulia kidogo, unamiminika tena. Elieth, mkewe, anainamisha ndoo taratibu, mkono mmoja umetangulia kupokea kitakachotoka.

Kinachotoka ni mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na ndani yake lenzi ya kamera. Ni nyeusi, nene kama chupa ya chai, na uzito wake unakaribia kilo mbili. Elieth anaipangusa vumbi la mchele kwa ncha ya khanga, kwa upole ule ule anaompangusia mtoto pua.

"Mvua zikianza inalala humu," anasema. "Mchele unanyonya unyevu. Bila hivyo kioo kinaota ukungu. Na huu mchele haupikwi. Watoto wanajua huu ni wa baba yao."

Leo, Desemba 2015, lenzi hiyo inasafiri kwenda soko la kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Huko kuna mwanamke anayeisubiri. Ni mkimbizi kutoka Burundi, anaitwa Apoline, na alikuwa mwalimu. Alituma maneno kupitia kwa mwenzake: "Aje na kile kitu alichonipigia picha."

Hakusema anakitakia nini.

"Na akikivunja?" Elieth anauliza.

"Atakuwa amekivunja."

"Baba Veronica, nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli, mama."

Elieth anafunga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye majani ya mgomba, mafungu mawili. Moja la mumewe njiani. La pili la mwalimu, akubali asikubali.

Nestori ana miaka arobaini na sita, na zaidi ya ishirini ameimaliza kwenye kazi ya picha. Studio yake ni chumba kimoja karibu na stendi: pazia la bluu, benchi, kioo, beseni la maji na koti moja jeusi lililoning'inia msumarini. Koti hilo limevaliwa na nusu ya wanaume wa Kibondo. Mtu anatoka shambani Murungu na matope hadi magotini, ananawa uso, anavaa koti, anakuwa bwana harusi.

Ana utaratibu mmoja ambao wateja wake wote wanaujua. Habonyezi kamera mpaka mtu aseme mwenyewe, "Tayari." Bibi kizee anaweza kukaa pale akirekebisha kitambaa chake mpaka chai ya Nestori ipoe. Nestori anangoja.

"Mtu anaachia uso wake kwako," anasema. "Lazima akupe mwenyewe."

Simu za mkononi zenye kamera ndizo zilizoanza kumnyang'anya kazi. Siku za Kipaimara ambazo zamani zilimlipia karo za watoto, sasa anarudi na elfu kumi na tano, na vijana wanamwambia, "Mzee, siku hizi tunajipiga wenyewe."

Mwaka 2012, akitafuta kibarua, aliitwa kuwapikia wageni waliokwenda kwenye mabwawa ya Malagarasi kutazama ndege. Asubuhi moja mgeni mmoja mzee alimwita, akamwekea kamera yake jichoni. Nestori akamwona kwa mara ya kwanza yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, amesimama kwenye mafunjo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Niliona hata kope zake," anakumbuka. "Yule mzee hakuninyang'anya kamera. Aliniacha nikatazama mpaka nikashiba. Mpaka leo namwombea."

Alirudi huko mwenyewe na lenzi yake fupi ya harusi. Picha alizoleta zilimfurahisha sana Rashid, muuza vocha wa jirani na studio.

"Bwana Nestori, hiki ni kisiki?"

"Ni ndege."

"Basi kimekaa kama kisiki. Kiambie kisogee!"

Mapema mwaka 2014 akasoma kwenye mtandao kwamba kuna lenzi mpya imetoka, inayovuta mbali kuliko zote za bei yake. Zile za zamani za umbali huo zilikuwa na thamani ya nyumba. Hii ilikuwa na thamani ya pikipiki. Nestori alikuwa na pikipiki.

Akaiuza. Elieth alilia siku hiyo, kisha akakaa chini kushona mfuko.

Duka moja la Kariakoo liliiagiza kwa shilingi milioni mbili na laki mbili. Utingo wa basi aitwaye Athuman aliambiwa ni kioo, akaipakata mapajani safari nzima kutoka Dar es Salaam, hata alipolala. Hakutaka kuchukua soda. "Hii ni mali ya mtu," alisema, akaenda kushusha magunia.

Nestori alimpata ndege wake. Alilala kwenye mafunjo na Evaristi, mvuvi wa huko aliyemfundisha kujificha: kukaa upande upepo unakoelekea, kufunika mikono, kushusha pumzi. Picha aliyoipata ni nzuri. Ndege ameinamisha kichwa, tone la maji liko kwenye ncha ya mdomo.

Hakuna aliyeinunua. Alizunguka na mfano wa kalenda kwenye nyumba za wageni za Kibondo na Kasulu, hata Kigoma mjini. Majibu yalikuwa yale yale. Mwenye hoteli mmoja alimuuliza kwa heshima kabisa, "Simba huna?"

Kwa hiyo mwezi Mei 2015, mtu alipofika studio na kuuliza, "Wewe ndiye mwenye lenzi ndefu?" Nestori alisimama haraka mpaka benchi likaanguka.

Wakati huo Warundi walikuwa wakivuka mpaka kila siku. Mgeni huyo alisema anatengeneza picha za kuomba misaada nje ya nchi. Wakimbizi walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja wa kijiji wakisubiri magari, na wengi walikataa kupigwa picha. Wengine walifunika nyuso za watoto wao kwa viganja.

"Aliniambia tusiwasumbue, tukae mbali," Nestori anasema. "Aliisema kama huruma. Mimi nikaisikia kama huruma."

Walisimama nyuma ya lori la mawe. Nestori akaangalia upepo. Akafunika mikono. Akashusha pumzi.

Anaposimulia hapa anatazama viganja vyake. "Nilifanya kila kitu cha bwawani. Hata upepo! Binadamu ananusa nini? Nilikuwa nimesahau kama ni watu."

Katika kioo aliona mwanamke ameketi chini, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, sketi imepanda juu ya magoti, anakwangua uji kwenye mfuniko wa sufuria kwa kidole na kukilamba. Nestori akabonyeza. Mgeni alipoiona ile picha alimkumbatia, akamlipa fedha ambazo studio haiingizi kwa miezi mitatu. Elieth alinunua mabati.

Mwezi Novemba kikaja kifurushi: kalenda ya mwaka 2016, zawadi kutoka kwa yule mgeni. Yule mwanamke ndiye aliyekuwa ukurasa wa kwanza. Nestori aliitundika juu ya kioo, pale wateja wanapochania nywele, ili kila anayeingia aone kazi yake imefika wapi.

Haikukaa hata wiki. Mama mmoja wa Kirundi aitwaye Consolée, ambaye anakuja na kurudi kwa kibali kutoka kambi ya Nyarugusu kumuuguza ndugu yake Kibondo, aliingia kupiga picha ya kitambulisho. Alinawa uso, akainua macho kwenye kioo, akabaki hivyo hivyo maji yakimchuruzika.

"Huyu ni Mwalimu Apoline," alisema. "Nani amemfanya hivi?"

Nestori alisema ni yeye. Wakati huo, anakiri, alisema kwa fahari kidogo.

Consolée akamweleza yaliyobaki. Picha ilikuwa inazunguka kwenye simu tangu Juni. Ilivuka mpaka kurudi Burundi, ikafika kijiji cha Apoline katika mkoa wa Ruyigi, ambako alifundisha darasa la sita miaka kumi na moja na hakuwahi kuonekana barabarani bila viatu vilivyopigwa rangi. Kijana wa jirani alimwonyesha baba mzazi wa Apoline. Mzee aliitazama, akarudisha simu, akaingia ndani. Mwezi wa tisa akafariki. Ndiyo sura ya mwisho ya binti yake aliyoiona.

Nestori aliishusha kalenda siku hiyo. Alimwandikia yule mgeni aiondoe picha. Jibu lilikuja mara moja tu: picha imesaidia kukusanya fedha nyingi, na hongera. Baada ya hapo, kimya.

Mara ya kwanza alipokwenda Nyarugusu kuomba radhi, Apoline alimtazama, akageuka, akaondoka. Leo ni mara ya pili.

Basi linamshusha Makere, na sehemu iliyobaki anaendesha kijana wa bodaboda kwenye matope, Nestori amekumbatia begi. Sokoni kuna mihogo, chumvi, sabuni za vipande, na Wakongo wanaouza vitenge wakiita wateja kwa Kiswahili chao. Consolée anampokea, anambebea viatu vyenye matope akavioshe, bila kuombwa.

Apoline ameketi kwenye kigogo, pembeni ya wauza dagaa. Ni mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu mpaka kwenye nyusi. Nestori anamwamkia kwa Kiha, yeye anaitika kwa Kirundi. Lugha hizo ni ndugu. Kila mmoja anamsikia mwenzake bila shida. Hata siku ile uwanjani wangesikilizana.

Anaweka viazi vya Elieth mbele yake. Apoline havigusi.

"Kiko wapi?" anauliza.

Nestori anaitoa lenzi, anaifunga kwenye kamera, anamkabidhi kwa mikono miwili. Kwa uzito wake mikono ya Apoline inashuka. Chini yake kuna jiwe la kukalia. Nestori analiona lile jiwe. Consolée analiona pia, na anasogeza mguu wake kulikanyaga.

"Mtu anatazama wapi?"

"Hapa, mwalimu. Ukizungusha hapa inavuta."

Apoline anaelekeza lenzi ng'ambo ya soko, kwa mwanamke anayeuza chumvi mbali, karibu na miti. Anazungusha. Ghafla anarudisha kichwa nyuma kama aliyegongwa, anatazama kwa macho matupu, kisha anaingiza jicho tena.

Anatazama kwa muda mrefu. Wauza dagaa wameacha kuita.

"Ana kovu hapa," anasema hatimaye, akigusa shavu lake mwenyewe. "Anaongea peke yake. Naona midomo." Anaishusha kamera. "Kumbe ulikuwa karibu hivi."

Nestori anatazama alipo muuza chumvi, ng'ambo ya soko.

"Mimi nilidhani ulikuwa mbali. Nilijiambia, labda hakuona vizuri, labda aliona watu tu. Kumbe ulikuwa hapa. Ulikuwa umeketi na mimi, bwana. Na hukupiga hodi."

"Sikupiga hodi," Nestori anasema. "Nisamehe, mwalimu."

"Dawe, baba yangu, aliniona nalamba mfuniko. Nani atampigia hodi yeye?"

Apoline anairudisha lenzi, naye kwa mikono miwili, kama vitu vya thamani vinavyorudishwa. Haijapata hata mkwaruzo, na uso wa Nestori unaonyesha angefurahi zaidi kama ingepata.

Amekuja pia na lile koti la studio na kitambaa cheupe cha kichwa alichopiga pasi Elieth. Anavitoa, anaeleza kwa kigugumizi kwamba kama mwalimu angependa picha nyingine, ya heshima, atampiga bure na kumwachia zote.

"Nimpelekee nani?" Apoline anauliza.

Nestori anavikunja vitu vyake.

Akiulizwa sasa atafanya nini na lenzi, anasema wapo wanaotaka kuinunua, lakini wote wanataka kuipeleka makambini. Kwa hiyo haiuzi. Anatumaini mwaka ujao ataomba kibali cha kuwapeleka wanafunzi wa Kibondo bwawani, wapange foleni, kila mmoja aweke jicho amwone ndege mpaka ashibe. Picha ya Apoline anajua haitarudi. "Nimeitafuta kwenye simu ya Rashid. Kila ukitafuta iko mahali pengine. Ni kama nimemfukuza mtu kwake, anatangatanga na hajui hata alipo."

Jua limepanda, na bodaboda inapiga honi. Nestori anaaga kwa kuinama. Amekwisha kugeuka Apoline anapomwita, bila kunyanyuka kwenye kigogo.

"We bwana wa picha. Siku ya soko ijayo uje."

"Nije na nini, mwalimu?"

"Mikono mitupu. Tangu nimefika hapa wengi wamenitazama, hakuna aliyerudi. Uje, nikuone ukirudi."