Vidonge Alivyotunyima Shangazi Bahia

Kwetu Marodoka, kumwita mtu mchoyo ni kumvua nguo hadharani. Basi niseme mapema: shangazi yangu Bahia aliwahi kuwa mchoyo, mara moja tu, na mimi natembea kifua mbele kwa ajili hiyo.

Alikuja kisiwani kwetu Nosy Be baada ya ghasia za mji wa Mahajanga, nyumba yake ya mtaa wa Mahabibo imekwisha teketea. Baba yangu, Youssoufa, ambaye ni kaka yake mkubwa, alimpa chumba na jiko la kukaangia vitumbua vya kuuza alfajiri. Hakumuuliza atakaa hadi lini. Lakini usingizi ulikuwa umemkimbia shangazi. Akawa anakaanga huku anasinzia, mpaka mafuta yakamuunguza mkono, na mama akamkokota kwa daktari mjini Hell-Ville.

Daktari akampa vidonge vya usingizi vya muda mfupi: kimoja anapopanda kitandani, asiongeze hata usingizi ukichelewa, asichanganye na dawa nyingine, asimpe mtu. Alipoisikia kazi yake, akamwambia jiko la alfajiri alisahau mpaka aache dawa. Shangazi akamwachia jiko jirani yetu Echata, mpinzani wake wa biashara. Asiyemjua shangazi hawezi kuelewa jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Usingizi ukarudi. Hapo baba naye akaanza kulalamika kuwa halali, kikohozi kinamweka macho. Baba alikuwa nahodha wa boti ya abiria ya kuvuka hadi Ankify, ng'ambo ya bahari, asubuhi na mapema. Jioni moja, tukiwa sote mkekani, akanyoosha kiganja.

"Bahia, nigawie na mimi kidogo."

"Hivi sigawi, kaka. Nimeandikiwa mimi."

Nyumbani kwetu hata ndizi moja ilikatwa vipande.

"Nimekupa nyumba," baba akasema taratibu, "wewe unaninyima kidonge?"

"Ukiitaka nyumba yako, kesho nafunga mizigo. Kidonge sikupi. Una watu wa kuvusha."

Machozi yalimtoka, lakini alikifunga kikopo cha vidonge kwenye pindo la kanga akaondoka nacho. Baba akasusa chakula cha mkono wake. Mama alipochoshwa na huko kununa, alimpeleka baba kwa daktari yule yule, pamoja na chupa ya dawa ya kikohozi aliyokuwa akiinywa kila jioni. Daktari akaisoma, akatikisa kichwa. Hiyo peke yake inalewesha. Ingekutana na vidonge vya shangazi, pumzi ingeweza kukatika. Na hata bila hiyo dawa ya kikohozi, mtu wa usukani hapewi dawa ambayo asubuhi bado imo mwilini.

Baba alirudi nyumbani, akaenda kwa shangazi akaomba sahani ya wali. Hakusema samahani, wanaume wa kwetu samahani huimeza.

Daktari alipomwambia shangazi inatosha, aliacha, na vilivyosalia akavirudisha. Usiku mwingine usingizi ulichelewa, akaungoja bila kidonge. Kisha akalichukua jiko lake kwa Echata, na wateja wake wakamfuata.

Miaka ikapita, akaamua kurudi Mahabibo kujenga upya. Baba alimvusha mwenyewe. Boti ilikuwa imejaa, na kabla ya kushika usukani akawaambia abiria kwa Kimalagasi, wote wasikie:

"Huyu ni mdogo wangu, Bahia. Aliwahi kuninyima, ndiyo maana leo nawavusha."