Friji Kubwa la Baba

Enzi za ruksa, maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa vitu, baba alitaka friji kwa sababu mwalimu jirani yetu pale Bulyaga alikuwa nayo. Baba alikuwa karani wilayani. Mama naye aliitaka: maziwa ya jioni ya ng'ombe wake, aliyepewa na wazazi wake wa Masukulu, yalikuwa yakichachuka kabla wateja wa asubuhi hawajafika.

Tulikwenda dukani watatu. Tukakuta friji mbili: ndogo mpya, ya bei kali, na kubwa la mtumba, karibu nusu ya bei ile.

"Hii ndogo haili umeme, mama," muuzaji alisema. "Lile kubwa ni rahisi leo tu. Utalilisha kila mwezi."

Mama akamgusa baba mkono. "Tuchukue ndogo. Maziwa yatatusaidia."

Baba akacheka, duka zima lisikie. "Umeishia darasa la ngapi wewe, unifundishe mimi hesabu?"

Watu wakacheka naye. Mama akafunga upya kanga yake, macho chini.

Friji kubwa lilinguruma mpaka vikombe kabatini vikatetemeka. Bili ilipokuja, baba alisema mama anapiga pasi ovyo. Akaificha pasi. Akachomoa na taa ya jikoni, mama akawa anapika kwa kibatari. Bili iliyofuata haikupungua. "Unalifunguafungua," akasema, akalitia kufuli na kutembea na ufunguo. Maziwa yakarudi kulala nje kwenye ndoo.

Hatimaye tukakatiwa umeme. Jumapili, mama akiwa kanisani, baba akamuuza ng'ombe. Mama aliporudi alikuta kamba tu bandani.

"Friji ulilitaka wewe," baba alimwambia. "Basi ng'ombe wako alilipie."

"Mwe!" mama alimaka kwa lugha ya kwao. Alisimama bandani, mvua ikinyesha, mpaka nilipokwenda kumshika mkono.

Umeme ukarudi. Friji likapoza bia za baba, katika mji ambao maji ya bomba yenyewe yanauma meno.

Siku moja mgeni kutoka ofisini kwao akaomba chai ya maziwa. Baba akamwita mama. "Mweleze mgeni kwa nini nyumba yako haina maziwa."

"Yaliliwa na friji," mama akajibu.

Baba akamzaba kofi. Mgeni akatazama sakafu, akasema hata ya rangi ingemtosha. Mama akaenda kuichemsha.