Vumbi la Mbao Zizini
Zamani ng'ombe walilalia mchanga mkavu. Siku hizi wanalalia vumbi la mbao, eti ni laini.

“Vumbi hilo likilowa ni balaa, mwanangu,” mzee mkamuaji alimwonya mwanawe, mwenye zizi sasa.

“Baba, wewe na mchanga wako mmezeeka pamoja!”

Wiki ya tatu, ng'ombe wawili ambao mzee aliwalea tangu wakiwa ndama walivimba viwele, maziwa yakatoka kama maji. Daktari wa mifugo akataja bakteria, Klebsiella, wanaostawi kwenye vumbi la mbao lililolowa. “Watapona, ila hawatakamuliwa tena.”

Mwana akamwita mchinjaji.

Mara ya mwisho mzee alipowaona ng'ombe hao walikuwa wakipandishwa lori, viwele vikiwa safi. Alikuwa amevipangusa kwa maji moto, kama anayetaka kukamua.