Damu ya Mama Mkwe

Nesi amenipaka spiriti mkononi, na harufu yake imenirudisha Bunda, kwenye benchi la hospitali, nimekaa na bibi mzaa mama.

Baba alikuwa ameanguka na baiskeli yenye mzigo wa pamba, na alihitaji damu. Wadogo zake watatu walifika wamekunja mikono ya mashati, wanabishana nani aanze. Wakapimwa wote, na bibi naye akapimwa kwa kuwa alikuwepo. Mtu wa maabara akarudi na majibu. Baba ni grupu O, hapokei damu nyingine ila O. Baba wadogo wote ni A.

"Mwenye O ni huyu mama," akasema.

Baba wadogo wakatazama sakafu. Kwetu mtu hampi mkono mama mkwe wake. Baba akimwona bibi njiani alikuwaga anaingia shambani mpaka apite.

Bibi akafikiri kidogo.

"Mimi siingii alikolala mkwe wangu," akamwambia nesi. "Hiyo chupa ya damu iende yenyewe."

Alipotolewa damu wakampa soda, ambayo siku zile ilikuwa adimu kweli. Alikunywa nusu, iliyobaki nikaimaliza mimi.

Baba alipona. Akimwona bibi aliingia shambani vilevile, ila sasa bibi hakupita. Alisimama, akatazama pembeni, akaniambia mimi kwa sauti ya kufika katikati ya pamba:

"Mwambie baba yako baiskeli aendeshe polepole. Amebeba damu yangu."