Mabao kwa Jina la Onsongo

Watu wa Kericho wanaomkumbuka Kepher Okeyo watakwambia kwamba hapakuwa na mguu wa kushoto kama wake katika mashamba yote ya chai. Ni kweli. Watakwambia pia kwamba alikuwa kocha kichaa, aliyewapanga watu wazima mstari mmoja kabla ya mechi na kumtaka kila mmoja ataje jina lake, jina la babake na mahali pa kwao, kama watoto wa darasa la kwanza. Hiyo nayo ni kweli. Lakini sababu hawaijui, na wakicheka mimi hukasirika, kwa maana ninaijua. Mimi Mosoti nilikuwa golikipa wake, na mkono wangu ulikuwa katika jambo lenyewe.

Kepher alizaliwa upande wa Kendu, kando ya ziwa, mtoto wa mzee wa kanisa la Sabato. Babake alimchapa kila Jumamosi aliyomkuta na mpira, kwa hiyo kijana akajifunza mbio. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa anachezea timu ya reli kule Kisumu. Kutoka hapo akaenda kwa Wahindi wa sukari, halafu Jinja kwenye kiwanda cha nguo, halafu Mwanza msimu mmoja, halafu akarudi. Siku hizo mpira wenyewe haukuwa na mshahara. Ukifunga mabao unaandikwa karani, ama mlinzi wa ghala lisilo na kitu. Ukivunjika, kazi imekwisha na nyumba imekwisha. Mkewe Jerusa aliniambia kwamba katika miaka sita ya kwanza ya ndoa alihamisha sufuria zake mara tisa.

Chai ilimwita mwaka wa 1964. Mashamba yote makubwa yalikuwa na timu, na mameneja waligombania Kombe la Mashamba kuliko walivyogombania vibarua. Kepher alianza na timu ya wafanyabiashara wa Roret, akaingia shamba moja la Boito, na katikati ya msimu wa 1967 akatoroka Boito na kuja kwetu Chepkoiyet. Meneja wetu alimwahidi nyumba ya vyumba viwili yenye jiko lake. Jerusa alikuwa na mimba, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika katika kuhamahama huko. Alitaka kuzaa akiwa ametulia. Tatizo lilikuwa sheria ya kombe. Mchezaji akihama bila barua ya kuachiliwa, anakaa nje misimu miwili, na Boito hawangetoa barua hiyo hata kwa dawa.

Sasa ndipo anapoingia Onsongo, ambaye hakuwahi kupiga mpira maishani mwake.

Onsongo Atuti alikuwa mchuna majani, mtu wa kwetu Kisii, mpole, mwenye kuimba nyimbo za kanisa akichuna. Yeye na mimi tulilala chumba kimoja katika nyumba za laini, zile safu za vibarua. Mwezi wa sita mwaka huo mvua ya mawe ilitukuta shambani na vikapu mgongoni, na mwenzangu akashikwa na kichomi. Siku ya nne akafa. Shamba likamzika nyuma ya mikaratusi, pamoja na wengine waliokosa wa kuwapeleka nyumbani, na kigingi chenye namba yake ya kazi kikapigwa upande wa kichwa. Karani Nyang'au, Mkisii mwenzetu, ndiye aliyepaswa kuwaandikia watu wa kwao barua.

Hakuandika. Wiki mbili baadaye alikuja chumbani kwangu, akafungua sanduku la marehemu na kutoa kipande chake, kile cheti cha kazi chenye jina lake. Akaniambia, "Mosoti, mtu amekufa. Kipande hakijafa."

Mimi nikamwacha akichukue. Nilikuwa nimeahidiwa chumba hicho kiwe changu peke yangu ili mke wangu aje kutoka nyumbani, na nilimtaka mke wangu. Shamba lilikuwa na watu mia nane, wa kuja na kuondoka. Waliomjua Onsongo hawakufika kumi, na hao kumi walipenda kombe. Kepher alipopewa kipande aliuliza, "Mwenyewe ako wapi?" Nyang'au akajibu, "Huyo hana haja nacho tena." Kepher akakitia mfukoni. Swali la pili hakuuliza.

Basi Onsongo akaanza kufunga mabao. Alifunga mabao kumi na saba msimu ule, na msimu uliofuata akaongeza. Boito walipolalamika, wakubwa wa kombe walitazama kipande tu, na watu waliliimba jina lake kutoka Konoin hadi Longisa. Mzee mmoja Mkipsigis, Kipkosgei, alikuwa akikimbia kando ya mstari akipiga kelele kwa lafudhi ya kwao, "Onsongo, pika! Pika huyo mpira!" Jerusa alizaa salama katika nyumba ile ya vyumba viwili, mtoto wa kike, wakamwita Dorcus. Nami nilikuwa na mke wangu katika chumba alichofia mwenzangu. Tulikuwa na furaha, na ninaona haya kulisema.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kuna watu wa kwetu waliokuwa wakileta ndizi kuuza huku kwenye chai. Mmoja wao alirudi Kisii akamwambia mjane mmoja, Nyatichi, mama yake Onsongo, "Mwanao amekuwa mtu mkubwa. Kericho nzima inamwimba." Nyatichi alikuwa hajapata barua kwa mwaka mzima na zaidi. Alimshukuru Mungu. Alichukua kuku mmoja na unga wa wimbi, na sweta ya buluu aliyokuwa amemnunulia mwanawe, kwa sababu alisikia baridi ya huku haina huruma. Akaja.

Alifika Jumapili ya fainali, mwezi wa tisa 1968, wakati wa mapumziko. Tulikuwa tunaongoza bao moja, na bao lilikuwa la Kepher. Vijana walikuwa wamembeba juu juu wakiimba jina. Yule mama akapenya katikati yao na kuku kwapani akiuliza, "Onsongo ako wapi?" Wakamjibu kwa vicheko, "Huyu hapa, mama!" Wakamteremsha Kepher mbele yake.

Mama alimwangalia uso, akamwangalia tena. Alijua Kiswahili kidogo tu cha sokoni.

"Hii si mtoto yangu," akasema. "Wewe umechukua jina yake. Yeye umeweka wapi?"

Wimbo ulikufa polepole, kwanza kwa waliokuwa karibu. Nilimwona Nyang'au kando ya uwanja akitikisa kichwa kumkataza Kepher. Nilimwona meneja pia ameketi kwenye kiti chake, hana habari. Kepher alikuwa na dakika arobaini na tano mbele yake, na nyuma yake nyumba yenye mke na mtoto wa miezi kumi. Akasema, "Mama, ngoja tumalize mpira kwanza. Nitakuambia."

Nasi tukaumaliza. Nyatichi alikuja akakaa chini nyuma ya goli langu, kuku amemshika miguu, sweta mapajani. Akanisemesha kwa lugha yetu kwa sauti ya heshima, "Mwanangu, wewe ni wa nani? Wamjua wangu?" Nikamwambia, "Mama, nina kazi. Ngoja tumalize." Alingoja. Kila mpira ulipokwenda upande wa pili nilimsikia akipumua nyuma yangu. Bao la kusawazisha lilinipita kwa sababu sikuwa naona vizuri. Dakika za mwisho Kepher alifunga la pili, uwanja mzima ukapiga kelele "Onsongo!", na yule mama akasimama kuangalia. Mpaka leo sijui alitarajia kumwona nani.

Kombe lilipoinuliwa, Kepher hakuwepo. Alikuwa amempeleka Nyatichi nyuma ya mikaratusi, nami nikawafuata. Huko ndiko tulikoona ubaya wetu wote. Vigingi havikuwepo. Mvua ndefu ilikuwa imefanya kuni kuwa adimu, na watu wa laini walivichoma vyote. Mbele yetu palikuwa na vilima kumi na kimoja, vyote vimeota majani ya namna moja. Mimi niliyemzika nilisema ni hiki, halafu nikasema ni kile, halafu nikaanza kulia.

Nyatichi alitaka kilima kimoja tu, aweke ile sweta. Tulishindwa kumpa. Jumatatu aliomba ofisini vichimbwe vyote, akaambiwa bila kibali cha serikali hakichimbwi hata kimoja. Akarudi Kisii na kuku wake na sweta yake. Kepher alimsindikiza hadi barabarani, na mama alitembea upande wa pili wa njia.

Siku iliyofuata Kepher alikwenda kwa wakubwa wa kombe, akaweka kile kipande mezani na kusema yote. Kombe likachukuliwa. Yeye akafungiwa kucheza maisha, akiwa na miaka ishirini na tisa. Nyumba akaiacha kabla ya kufukuzwa. Nyang'au alihamishiwa shamba jingine akawa karani mkuu. Ndivyo dunia inavyokwenda, usiniulize. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikujitaja. Nilibaki na chumba changu.

Hivyo ndivyo Kepher alivyokuwa kocha, kwa sababu hawakumfungia kufundisha. Alifundisha Longisa, akafundisha Roret, akavuka tena hadi Musoma, akarudi, na mwisho akapata shamba moja la Konoin lililompa nyumba. Jerusa akapanda sukuma wiki mlangoni. Kila timu aliyoshika aliipanga mstari, jina lako, jina la babako, kwenu wapi. Na kila mwaka mwezi wa tisa alikwenda Kisii kwa Nyatichi. Mara ya kwanza mama hakumfungulia. Mara ya pili alimwacha apasue kuni. Mara ya tatu nilikwenda naye, nikaona ile sweta ya buluu inaning'inia kwenye msumari ndani, na mama akampa uji bila kumwita kwa jina lolote. Aliniambia mimi kwa lugha yetu, "Huyu mchezaji anakunywa polepole." Kepher aliniuliza njiani amesema nini. Nilipomwambia, alifurahi kwamba sasa anaitwa kitu, mpaka nikamhurumia.

Mwaka wa 1975 timu yake ya Konoin ilifika fainali. Asubuhi ya mechi watu wa ofisi wakamletea mshambuliaji mgeni mwenye kipande mkononi. Kepher akawapanga. Kila mmoja akajitaja. Yule mgeni akataja jina lililoandikwa, akafika kwenye jina la baba na kukwama.

"Huyu hachezi," Kepher akasema.

"Kocha, ni makaratasi tu," mkubwa mmoja akamwambia. "Nani ataumia?"

"Mimi najua nani anaumia. Huyu hachezi."

Mshambuliaji wake mwingine alikuwa mgonjwa, na wa akiba hakuwa naye. Akaingiza watu kumi wakafungwa manne. Jumatatu akapewa barua ya kuhama. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, nikitarajia kumkuta Jerusa akilia. Alikuwa anang'oa sukuma wiki aende nazo. "Shemeji, nimehama nyumba nyingi sana," akaniambia. "Hii peke yake najua tunaihama kwa nini."

Wakaenda Kendu. Mtu aliyezunguka hivyo hakuwa amejenga kwao hata kibanda, wakalala jikoni kwa ndugu yake, na Kepher akafundisha watoto wa shule mpira bila malipo. Kifua kikaanza kumsumbua.

Nyatichi alikufa mwaka wa 1977. Nilimpelekea Kepher habari, tukaenda pamoja. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na nyumba. Kwao yule mama, mwana ndiye aliyetakiwa kutupa udongo wa kwanza, na mwana alikuwa mmoja tu. Mzee Arasa, ndugu wa marehemu mumewe, akasema mtu asiyezikwa nyumbani bado ni wa nyumbani, kwa hiyo lazima aitwe. Akasimama ukingoni akaita kwa nguvu, "Onsongo!"

Watu wakageuka. Nusu yao walimtazama Kepher. Kwa miaka tisa walikuwa wamemwona pale akipasua kuni, akiziba paa, akifanya kazi za mwana. Nadhani walikuwa wamekubaliana moyoni. Hata Arasa alikuwa ameuelekeza uso kwake alipoita mara ya pili.

"Onsongo!"

Nikamgusa kiwiko. Nikamnong'oneza, "Itika, ndugu yangu. Wanakupa." Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola. Alikaza mdomo.

Mzee akaita mara ya tatu. Kuku walisikika nyuma ya nyumba. Kisha Arasa akainama, akatupa udongo mwenyewe, na watu wakashika majembe.

Nilikasirika naye sana. Njiani nilimwambia, "Umewaaibisha. Kiburi gani hicho? Jina hilo uliliitikia misimu miwili ukibebwa juu, leo mtu anakuita kwa upendo unakataa?"

Alikohoa kwanza, akanishika bega apate kusimama.

"Mosoti," akasema, "mimi nikiitika, nani atamtafuta tena?"

Wiki iliyofuata nilirudi Chepkoiyet, nikaenda nyuma ya mikaratusi na panga kufyeka majani. Vilima vilikuwa vimeongezeka, sikuweza hata kuvitambua vile kumi na kimoja.