Egidius na Migongo ya Makuli

Watu wa Babati wakitaja wanaume wenye nguvu humtaja Egidius wa Maisaka. Mimi sibishi, ila wanamsifia kitu sicho. Wanasifia lile bega lake. Bega! Hata punda ana bega.

Mwaka wa themanini na tatu Egidius alikuwa mnyapara wa makuli kwenye ghala la mahindi pale mjini. Mnaijua miaka ile. Sabuni hakuna, dizeli hakuna, na magunia yenyewe hakuna, kwa hiyo hata moja likipatikana lilishindiliwa lumbesa mpaka likavimba kupita mdomo wake, ndipo likashonwa kwa kamba. Lori lilikaa wiki halionekani. Likija, ni mbio, lijazwe liondoke. Na ghalani palikuwa na desturi: kuli hujibebesha mwenyewe. Anainama, analikumbatia gunia sakafuni, analirusha gotini, kisha begani. Anayeomba mkono anaitwa Mama Kisima, na jina hilo linamfuata mpaka kilabuni. Egidius ndiye aliyewafundisha hivyo, tena kwa majivuno.

Basi siku moja shemeji yake Marcelino, mdogo wake Ursula mkewe, alilirusha gunia gotini akabaki hapo hapo, ameinama, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Walimpeleka nyumbani juu ya ubao. Zahanati haikuwa na hata kidonge. Mganga alisema alale chali, angoje. Alikuja kusimama masika yalipokwisha, lakini gunia hakubeba tena. Egidius alipomwona kijana wa watu anajikojolea kwa kuwa kunyanyuka hawezi, roho ilimuuma sana. Na alikuwa na siri yake: kila jioni mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi. Akajua fika kwamba anayefuata ni yeye, au mwingine yeyote pale ghalani.

Lori lililofuata hakubeba. Aliketi mlangoni akawakagua watu wake kama mtu anavyokagua ng'ombe mnadani. Wao wakadhani amenuna. Kumbe anaona jambo alilolipita miaka yote: hakuna aliyeguna akiwa anatembea na mzigo. Waliguna wakiwa wameinama pale sakafuni, na wakaguna tena kiuno kilipojisokota kulipandisha gunia begani. Mwendo wa kwenda kwenye lori haukumuumiza mtu. Kilichowaumiza ni kulinyanyua.

Nyumbani akamweleza Ursula, ambaye alikuwa akimchua nduguye mgongo kwa samli.

"Baba Fabiola," akasema Ursula bila kugeuka, "sisi wanawake kisimani ndoo ya maji tu tunatwishana, na hakuna aliyekufa kwa aibu."

Neno hilo lilimchoma. Akatafuta magogo huko Sigino, akayapanga ghalani kama kitanda, kimo cha kiuno. Akawaambia makuli: watu wawili watalipandisha gunia hapo, kisha watamtwisha mbebaji, na mbebaji hatajipinda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakacheka mpaka wakakohoa pumba. Alois wa Mutuka, mcheshi wao mkubwa, akasema, "Mnyapara, basi utununulie na kanga, tukienda kisimani tupendeze."

Angeweza kuwalazimisha, maana neno lake lilisikika pale. Lakini kuli unamlazimisha ukiwepo; ukitoka anarudia yake. Hapa ndipo mimi ninapomvulia kofia.

Lori lilipokuja tena, alilifuata gunia kubwa kuliko yote, ambalo kila mtu alijua analimudu peke yake. Akasimama mbele yake, mikono chini. Aibu ilimjaa mtu mzima yule, mbele ya watu ambao yeye mwenyewe aliwahi kuwacheka.

"Alois," akasema, "nitwishe."

Wote walingoja kichekesho. Alois akashika upande mmoja wa gunia, kuli mwenzake Elieshi akashika wa pili, wakalipandisha kwenye magogo, na kutoka pale likatua begani mwa mnyapara. Egidius akatembea nalo mpaka kwenye lori, taratibu, kila mtu akimtazama.

Aliporudi alimkuta Alois amesimama palepale, macho chini, jasho linamtiririka kuliko aliyebeba.

"Mnyapara," akasema Alois kwa sauti ndogo, "mimi tangu Pasaka siwezi kuinama kufunga viatu. Mke wangu ndiye anayenifunga."

Hakuna aliyecheka. Egidius akamwambia akae mlangoni, siku hiyo asiguse gunia. Kisha akawapitia wengine, mmoja mmoja, akiwauliza panauma wapi. Na jamani, hakuna hata mmoja aliyesema hapaumi.